Mkanda Mpya kwa Mashine ya Mbao: Mwongozo kwa Fundi wa Kasesya

Mkanda ukikatika asubuhi Kasesya, kazi ya siku hiyo imekwisha. Utampa kijana kipande kilichokatika akipeleke Sumbawanga kupitia Matai, au utamwagiza mtu anayevuka mpaka kwenda Mbala, upande wa Zambia. Jioni atarudi na mkanda "unaofanana". Utaufunga, mashine itanguruma, mbao za mninga zitatoka na mawimbi, na baada ya wiki tatu utasikia tena harufu ya mpira unaoungua. Mimi nimelipa nauli hiyo zaidi ya mara moja kabla ya kuelewa kwamba nilikuwa nabadili kitu kimoja katika njia yenye vitu vinne: puli ya mota, puli ya shafti ya visu, mstari unaoziunganisha, na mkanda wenyewe. Mkanda ndio unaokatika, kwa hiyo ndio tunaoulaumu. Mara nyingi umeuawa na mmoja wa hao wengine watatu.

Maelezo haya ni ya mwenye mashine ya kuranda, msumeno wa meza au mashine ya kukereza miguu ya vitanda, inayoendeshwa na mota au injini ya dizeli kwa mkanda wa V, au beliti kama wengi tunavyouita. Lengo si kurudisha mashine ilivyokuwa jana. Lengo ni ifanye kazi vizuri kuliko ilivyofanya siku uliyoinunua, na hilo linawezekana kwa fedha kidogo ukilinganisha na bei ya mota mpya.

Mkanda hushika kwa ubavu

Anza na jambo hili, maana mengine yote yanatoka humo. Mkanda wa V haushiki kwa tumbo lake. Unashika kwa mbavu zake mbili zinapobanwa na kuta za mfuo wa puli, kama kabari inavyobanwa na gogo. Kadiri mzigo unavyoongezeka, ndivyo mkanda unavyovutwa ndani ya mfuo na kubana zaidi. Hiyo ndiyo siri iliyoufanya uenee duniani tangu John Gates wa Denver, Marekani, alipoutengeneza kwa mpira na nyuzi mwaka 1917, wakati viwanda bado vilitegemea mikanda bapa ya ngozi.

Mbavu za mkanda zimekatwa kwa pembe ya nyuzi 40, lakini mfuo wa puli huchongwa kwa nyuzi 34 hadi 38. Tofauti hiyo imewekwa makusudi. Mkanda ukikunjwa kuzunguka puli, sehemu yake ya ndani hujibana na kuvimba pembeni, kwa hiyo pembe yake inabadilika. Puli ndogo inaukunja zaidi, na ndiyo maana mfuo wake huwa mwembamba zaidi. Fundi akikukerezea puli kwa kukisia pembe, amekupa puli isiyoshika hata ukifunga mkanda wa bei gani.

Jambo la pili: chini ya mkanda, kwenye sakafu ya mfuo, lazima ibaki nafasi tupu. Tumbo la mkanda likigusa sakafu, kabari imekwisha na kinachobaki ni kuteleza.

Kushikana kwa vitu kwa umbo la mfuo si habari ngeni katika eneo hili. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha habari za magogo mawili yaliyofukuliwa karibu na maporomoko ya Mto Kalambo, mto ambao wilaya yetu imepewa jina lake. Gogo la juu lilikuwa limechongwa mfuo ili likae juu ya lenzake bila kuteleza. Umri wake ni angalau miaka 476,000, na hakuna ujenzi wa mbao wa zamani zaidi uliopata kuonekana duniani. Magogo hayo yalifukuliwa upande wa Zambia, lakini ng'ambo ya mto ni huku kwetu. Mimi kila nikipima mfuo wa puli huwakumbuka watu wale, maana waliliona tatizo lile lile: kitu kikae mahali pake, kisisogee.

Pima kabla ya kutuma mtu

Mikanda utakayoikuta madukani kwa wingi ni ya A na ya B. Mkanda wa A una upana wa milimita 13 juu na unene wa 8. Wa B una upana wa 17 na unene wa 11. Rukwa ni mkoa wa mahindi, na mashine za kusaga ziko kila kijiji, kwa hiyo maduka ya vipuri yanajaza mikanda mikubwa ya kusagia. Fundi seremala akienda bila kujua anachotaka, anauziwa B kwa puli ya A. Mkanda huo utasimama nje ya mfuo, mbavu zake zitalika upande wa chini tu, na utachanika. Kinyume chake ni kibaya vilevile: A ndani ya puli ya B unazama hadi sakafuni na kuteleza. Hakuna mkazo utakaoponya kosa hilo.

Namba inayofuata herufi ni urefu wa ndani kwa inchi. A42 ni mkanda wa A wenye inchi 42 kwa ndani, yaani milimita 1,067. Kama maandishi yamefutika, zungusha uzi imara juu ya mgongo wa mkanda wa zamani na upime uzi huo. Kwa mkanda wa A toa inchi 2, kwa wa B toa inchi 3, utapata namba. Uzi ukikupa inchi 44 na upana ni milimita 13, unatafuta A42. Kumbuka kwamba mkanda wa zamani umevutika, kwa hiyo ukipata sehemu ya inchi juu ya namba kamili, shuka, usipande. Na angalia herufi ndogo zinazofuata vipimo vya milimita: Li ni urefu wa ndani, Ld au Lw ni urefu wa katikati ya unene. Watengenezaji hawaandiki kwa namna moja.

Ikiwa umebadili puli au umesogeza mota, uzi hautakusaidia, tumia hesabu. Chukua umbali kati ya vitovu vya shafti mbili, uzidishe kwa 2. Jumlisha vipenyo vya puli mbili, zidisha kwa 1.57, ongeza kwenye jibu la kwanza. Tofauti ya vipenyo ni ndogo kwa mashine nyingi za mbao, unaweza kuiacha. Mfano: umbali wa milimita 400, puli za 125 na 80. Mara mbili ya 400 ni 800. 205 mara 1.57 ni karibu 322, jumla 1,122. Huo ni urefu wa katikati ya unene. Kwa mkanda wa A toa milimita 33 upate wa ndani, 1,089, gawa kwa 25.4, unapata karibu 43. Nunua A43, na mota ibaki na nafasi ya kusogea mbele na nyuma.

Puli kwanza

Kama una fedha ya kitu kimoja tu, kagua puli kabla ya kuitumia fedha hiyo. Chomoa umeme, vua mkanda, safisha mifuo kwa brashi ya waya na kitambaa. Vumbi la paini mbichi huchanganyika na utomvu na kuganda ndani ya mfuo kama lami. Ukilikuta, limekuwa likiufanya mkanda upande na kushuka kila mzunguko. Kisha weka mkanda mpya ndani ya mfuo kwa mkono. Mgongo wake uwe sawa na ukingo wa puli au uzidi kidogo. Ukizama kwa zaidi ya milimita moja na nusu, puli imelika. Pitisha kidole kwenye ukuta wa mfuo: ukiona umebonyea katikati kama sahani, puli hiyo itaua kila mkanda utakaoufunga, na huo mpya utakufa haraka kuliko wa zamani uliokuwa umezoeana nayo.

Zungusha puli kwa mkono huku umeshika kalamu ikikaribia ukingo. Nafasi kati ya kalamu na puli isibadilike. Ikicheza, huenda tundu limepanuka, kii imelegea, au puli ilimiminwa vibaya tangu mwanzo. Puli nyingi za aluminiamu zilizomiminwa bila kukerezwa zina kasoro hii. Hapa ndipo uboreshaji wa kweli unapoanza: puli ya chuma iliyokerezwa yote, mfuo, ukingo na tundu, kwa kushikwa mara moja tu kwenye mashine ya kukereza chuma. Mwambie fundi pembe unayoitaka. Mpelekee shafti au kipimo chake kamili, usimpe makadirio. Ukihitaji ushauri wa kazi ya chuma au mahali pa kupeleka kijana ajifunze, Sumbawanga kuna SIDO na chuo cha VETA.

Ukubwa wa puli nao una mpaka. Mkanda wa kawaida wa A hautaki puli iliyo chini ya milimita 75, na wa B hautaki iliyo chini ya 125. Chini ya hapo unakunjwa kuliko uwezo wake, unapata joto na kupasuka tumboni. Nyufa ndogondogo zinazokatiza upande wa ndani wa mkanda ni dalili ya jambo hilo.

Mkanda gani ununue

Asubuhi za Juni na Julai huku Ufipa ni za baridi kali, na mkanda uliolala umebanwa kwenye puli ndogo usiku kucha huamka na kilema. Umeshika umbo la puli. Ukiwasha, unasikia mashine ikigonga kwa dakika kadhaa hadi mpira upate joto. Mkanda wa kawaida uliofungwa kitambaa pande zote ndio wenye tabia hii zaidi.

Badala yake, tafuta mkanda wenye meno upande wa ndani, unaoandikwa AX au BX. Meno hayo hayashikani na kitu chochote kwenye puli. Ni mikato inayouwezesha mkanda kukunjika kwa urahisi na kupitisha hewa. Unakaa kwenye mfuo uleule wa A au B, unavumilia puli ndogo zaidi, unabeba mzigo mkubwa zaidi na haupotezi nguvu nyingi kwa kujikunja. Kwa mashine ya kuranda yenye puli ya milimita 80 kwenye shafti ya visu, huu ndio ninaoupendekeza bila kusita. Bei yake ni kubwa kuliko ya kawaida, na unastahili bei hiyo.

Upo pia mkanda wa viungo, uliounganishwa kipande kwa kipande kama mnyororo. Uzuri wake ni kwamba haulali na kilema, unapunguza mtikisiko sana, na unaukata urefu unaoutaka bila kufungua beringi. Ukiwa mbali na maduka kama tulivyo, roli moja inaweza kuhudumia mashine tatu. Lakini usitegemee kuukuta dukani. Huo ni wa kuagiza. Ukiupata, fuata mshale unaoonyesha mwelekeo wa mzunguko, na uufupishe kama mtengenezaji alivyoandika, kwa sababu unavutika zaidi mwanzoni.

Mashine ndogo za kisasa zina mkanda mpana mwembamba wenye mistari mingi ya urefu. Huo una puli zake. Usijaribu kuweka mkanda wa V mahali pake.

Idadi nayo ina maana. Mota ya nguvu ya farasi 3 inayoendesha shafti yenye puli ya milimita 80 kwa mkanda mmoja wa kawaida wa A inaubebesha mzigo unaouzidi. Weka puli za mifuo miwili. Na ukishakuwa na mikanda miwili au mitatu, ibadili yote kwa siku moja, ya mtengenezaji mmoja na namba moja. Ukichanganya mpya na wa zamani, mpya ulio mfupi utabeba kazi yote peke yake huku mwenzake ukipepea.

Mkanda wa akiba usiutundike kwenye msumari, wala usiuache juani dirishani. Ulaze umezungushwa kwa ulegevu mahali penye kivuli.

Kuufunga

Usiuvushe mkanda juu ya ukingo wa puli kwa bisibisi. Nyuzi za ndani hukatika bila wewe kuona, na baada ya siku chache mkanda unapinduka ndani ya mfuo. Legeza boliti za mota, isogeze karibu, vika mkanda kwa mkono.

Kunyoosha mstari wa puli hakuhitaji chombo cha ghali. Chukua ubao ulionyooka au uzi uliovutwa, uulaze kwenye nyuso za puli zote mbili. Uguse sehemu nne: kingo mbili za puli moja na kingo mbili za nyingine. Kama kingo hazina unene sawa, pima kutoka katikati ya mfuo. Kupishana kwa milimita 4 katika nusu mita ndio mwisho wa kuvumilika, na ukiwa na subira utafika chini ya moja. Angalia pia kama mota imelala sambamba na shafti, si kwa pembeni tu bali hata kwa juu na chini. Mguu wa mota uliokaa juu ya kipande cha ubao kilichobonyea ni chanzo kikubwa cha mstari kupinda.

Sasa mkazo. Wengi hukaza hadi mkanda ulie kama uzi wa zeze, wakidhani wanazuia kuteleza. Wanachofanya ni kuvunja beringi. Kipimo ni hiki: katikati ya sehemu iliyo huru kati ya puli mbili, bonyeza mkanda, ushuke milimita 16 kwa kila mita ya urefu huo. Kwa urefu wa milimita 400, ni karibu 6. Nguvu ya kubonyeza kwa mkanda mmoja wa A kwenye puli ndogo ni kama kilo 1 hadi 1.5, na mzani wa ndoano unatosha kuipima. Endesha mashine nusu saa, zima, kaza tena. Rudia baada ya siku chache za kazi. Mkanda mpya hulegea mapema kisha hutulia, na mikanda mingi hufa kwa sababu hakuna aliyerudi kuikaza mara ya pili.

Baada ya saa moja ya kazi zima mashine, chomoa umeme, gusa nyumba ya beringi. Kama mkono hauvumilii kukaa hapo, umekaza mno. Kama puli ndiyo ya moto kuliko beringi, mkanda unateleza. Usipake grisi, lami wala sabuni ili unyamaze. Kelele ni taarifa, na ukiinyamazisha unaua mpira.

Ili kujua mtikisiko unatoka wapi, washa mota bila mkanda. Simamisha sarafu ya shilingi 500 kwa ukingo juu ya meza ya mashine. Ikianguka, tatizo liko kwenye mota au puli yake. Ikisimama bila mkanda na kuanguka ukiuvika, tafuta kwenye mkanda, puli ya pili au beringi za shafti.

Mwendo

Mota yenye ncha mbili za sumaku kwenye umeme wetu wa mizunguko 50 kwa sekunde huzunguka karibu mara 2,880 kwa dakika. Yenye ncha nne huzunguka karibu 1,440. Injini nyingi za dizeli za silinda moja huzunguka 2,000 hadi 2,200. Zidisha mizunguko ya mota kwa kipenyo cha puli yake, gawa kwa kipenyo cha puli ya shafti, utapata mizunguko ya shafti. 2,880 mara 125, gawa kwa 80, ni 4,500.

Mwendo huu ndio unaoamua uso wa ubao. Shafti yenye visu 2 ikizunguka 4,500 hukata mara 9,000 kwa dakika. Ukisukuma ubao mita 6 kwa dakika, kila alama ya kisu ina upana wa milimita 0.67. Mkanda ukiteleza hadi shafti ishuke 3,000, alama zinakuwa milimita 1, na mteja ataziona ukishapaka vanishi. Kwa hiyo kabla ya kunoa visu kwa mara ya nne mwezi huu, angalia mkanda.

Usibadili puli ili kuongeza kasi kuliko ilivyopangwa. Kila kisu cha msumeno wa duara kimeandikwa mizunguko yake ya mwisho. Kuvuka namba hiyo kunaweza kumuua aliyesimama mbele yake.

Kava

Nimeona karakana nyingi ambako kava la mkanda limetolewa siku ya kwanza na halijarudi. Huku kwetu watu hufanya kazi na sweta, makoti na mitandio kwa sababu ya baridi, na mkono wa sweta ukishikwa na mkanda huvutwa hadi kwenye puli kabla hujapiga kelele. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inadai mashine zifunikwe, lakini hata bila sheria wewe una mikono miwili tu. Kava la waya wa wavu lenye fremu ya vyuma linatosha, tena linapitisha hewa na kudondosha vumbi. Lifunge kwa boliti, si kwa kamba.

Ukimaliza, chukua brashi na rangi. Ndani ya kava andika namba ya mkanda, idadi ya mikanda, vipenyo vya puli mbili na tarehe uliyofunga. Mkanda ukikatika tena, kijana atakayepanda gari kwenda Sumbawanga ainakili namba hiyo kwenye karatasi kabla ya kuondoka.